Uji Mzito, Kijiko Kidogo: Majibu ya Maswali Yenu Kuhusu Kumlisha Mtoto Miaka Miwili ya Kwanza

Barua nyingi za toleo hili zinauliza jambo moja kwa sura mbalimbali: nimpe nini mwanangu ili aanze maisha vizuri? Wengi wenu mmeuliza cha kununua. Majibu yetu yatawarudisha jikoni kwenu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba Tanzania watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa, na mkoa ulioongoza ni Iringa, ambako zaidi ya nusu ya watoto wamedumaa. Njombe na Rukwa zilifuata kwa karibu. Hii ni mikoa inayolisha nchi kwa mahindi, maharage na viazi. Ghala limejaa, na mtoto bado hakui. Kwa hiyo tuangalie bakuli lake: kilichomo, uzito wa chakula chenyewe, na analishwa mara ngapi.

Nimejifungua siku kumi na mbili zilizopita. Mtoto analia kila jioni na anataka titi muda wote. Mama mkwe anasema maziwa yangu ni mepesi, nimpe maji ya uvuguvugu na uji wa mchele. Nifanyeje?
*Mzazi wa kwanza, Mbagala*

Hongera sana, mama. Usimpe maji wala uji.

Kabla ya kukubali kwamba maziwa hayatoshi, angalia nepi na mizani. Kuanzia siku ya tano, mtoto anayeshiba hukojoa mara 6 au zaidi kwa saa 24, mkojo hauna rangi kali, na choo chake kimeshaacha weusi wa mwanzo na kuwa cha njano. Uzito hupungua kidogo siku za mwanzo, na hiyo ni kawaida ilimradi usizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wa kuzaliwa. Mtoto akifika wiki 2 anatakiwa awe ameurudia uzito wake. Wako ana siku 12, hivyo mpeleke kliniki apimwe wiki hii. Namba hiyo itamaliza ubishi wa nyumbani kuliko maneno yetu.

Kilio cha jioni peke yake hakithibitishi njaa. Wachanga wengi hunyonya mfululizo jioni, kisha hulala kipande kirefu. Mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku ukiwemo, ndiyo kawaida ya umri wake. Titi hutengeneza maziwa kulingana na linavyonyonywa. Ukimpa kikombe cha maji, tumbo linajaa, anaruka mnyonyo mmoja, na titi linapokea taarifa kwamba maziwa hayahitajiki. Baada ya siku chache maziwa yanapungua kweli, na hapo kila mtu anaona mama mkwe alisema kweli. Isitoshe, maziwa ya mama karibu yote ni maji. Mtoto hahitaji maji mengine hata kwenye joto la Dar es Salaam la mwezi wa pili, na maji hayo ndiyo njia rahisi ya kuharisha. Glukosi, maji ya sukari, asali na dawa za chupa za kutuliza tumbo navyo viache. Asali ni mwiko hadi atimize mwaka mmoja, maana inaweza kubeba vijidudu vinavyolegeza misuli ya mtoto mchanga.

Kuhusu wepesi: maziwa ya mwanzo wa mnyonyo huonekana mepesi, na kadiri titi linavyoelekea kumalizika mafuta huongezeka. Mwache amalize titi moja hadi aliachie mwenyewe ndipo umpe la pili. Ukimhamisha kila baada ya dakika tano anakunywa ya mwanzo tu pande zote mbili.

Kisha kagua anavyolishika titi, kwa sababu hapa ndipo shida nyingi zilipo. Tumbo lake ligusane na tumbo lako. Kichwa na mwili wake viwe kwenye mstari mmoja, shingo isipindike. Gusisha chuchu kwenye mdomo wa juu, subiri apanue mdomo kabisa, kisha mlete yeye kwenye titi badala ya kumsogezea titi. Akishika vizuri, kidevu kinagusa titi, mdomo wa chini umegeukia nje, na sehemu nyeusi inaonekana zaidi juu ya mdomo kuliko chini. Utamsikia akimeza. Ukiona mashavu yanabonyea ndani, au chuchu inauma na kutoka imebinyika, ingiza kidole safi pembeni mwa mdomo wake umtoe, uanze upya. Kuvumilia maumivu hakusaidii. Anayenyonya chuchu tu hapati maziwa, na chuchu itachanika.

Mama mkwe mpe kazi yenye faida: mtori, supu ya maharage, nguo za mtoto, na kumbeba baada ya kunyonya ili wewe ulale saa moja. Anayempenda mjukuu atakubali. Na mkimwona mtoto hanyonyi, haamki, ana joto, anakakamaa au kushtuka mwili mzima, au viganja na nyayo zimekuwa za njano, nendeni hospitali siku hiyohiyo bila kusubiri kupambazuke.

Likizo yangu ya uzazi inaisha wiki ijayo. Nafanya kazi dukani, saa kumi kwa siku. Je, nianze maziwa ya kopo?
*Mama wa mtoto wa wiki kumi na moja, Ubungo*

Si lazima. Anza na haki yako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo yenye malipo, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Ikiisha, mwajiri anatakiwa kumruhusu amnyonyeshe mtoto ndani ya saa za kazi hadi saa 2 kwa siku. Ongea naye kabla hujarudi, mpatane muda gani utakamua au utaletewa mtoto. Wasomaji wa Kenya wana miezi 3 ya likizo, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inawataka waajiri watenge chumba cha kunyonyeshea.

Kukamua kwa mkono hakuhitaji mashine. Chemsha chombo chenye mdomo mpana, nawa mikono kwa sabuni, kaa umetulia. Weka kidole gumba juu na cha shahada chini, pembezoni mwa sehemu nyeusi, mbali kidogo na chuchu yenyewe. Sukuma kuelekea kifuani, kisha bana vidole kwa pamoja, achia. Usiviteleze juu ya ngozi, na usivute chuchu. Vyote viwili vinaumiza na havitoi maziwa. Zungusha vidole ili pande zote za titi zikamuliwe. Dakika 3 hadi 5 titi moja, hamia jingine, rudia, jumla dakika 20 hadi 30. Siku za kwanza utapata vijiko vichache tu, usikate tamaa: umebakiza wiki nzima ya kuzoea. Wakati mzuri ni alfajiri, maziwa yakiwa mengi.

Kwenye chumba chetu chenye joto, maziwa yaliyokamuliwa yasizidi saa 4. Kwenye friji, nyuma kabisa na siyo mlangoni, siku 4. Andika tarehe na saa kwenye kila chombo, yaliyotangulia yatumike kwanza. Kuyapasha, tumbukiza chombo kwenye bakuli la maji ya moto. Usiyabandike jikoni. Mtoto akibakiza kwenye kikombe, mabaki yamwagwe yakipita saa 2.

Mlezi amnyweshe kwa kikombe kidogo kisicho na mdomo mkali. Mtoto akae wima mapajani, ukingo wa kikombe utulie kwenye mdomo wa chini, kikombe kiinamishwe hadi maziwa yaguse mdomo, basi. Yeye ndiye atalamba au kufyonza. Mlezi akimimina, atampalia. Chupa tunaikwepa kwa sababu chuchu yake haisafishiki vizuri, na mtoto aliyezoea mtiririko wake hulikasirikia titi jioni. Ukirudi nyumbani mnyonyeshe mara moja kabla ya kazi nyingine zozote, na usiku usimnyime. Minyonyo ya usiku ndiyo itakayolinda maziwa yako.

Tunanunua unga wa lishe wenye mchanganyiko wa vitu tisa: mahindi, ulezi, mtama, uwele, mchele, ngano, soya, karanga na mbegu za maboga. Mtoto ana miezi minane, anakunywa chupa tatu za uji kwa siku, lakini mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki umelala miezi miwili. Tuongeze nini?
*Baba, Kahama*

Punguza kabla ya kuongeza, baba. Neno lililotushtua kwenye barua yako ni "chupa". Uji unaopita kwenye chuchu ya chupa ni maji yaliyotiwa unga. Tumbo la mtoto wa kilo 8 huchukua kama mililita 240 kwa mlo mmoja, yaani kikombe kimoja cha chai. Ukikijaza maji, ameshiba na hajala. Tena ameshalikataa titi kwa kuwa tumbo limejaa.

Mahindi, ulezi, mtama, uwele, mchele na ngano kwa sehemu kubwa vinafanya kazi moja, kutia nguvu. Kuvichanganya vyote hakumpi mtoto zaidi ya alichopata kwenye kimoja, ila bei inapanda, na tumbo likivurugika hamtajua kilichomvuruga. Soya iliyosagwa mbichi ina kitu kinachozuia mwili kutumia protini; lazima ichemshwe kama nusu saa, ianikwe ikauke, ikaangwe kidogo, ndipo isagwe. Muuzaji wenu aliifanyia hivyo? Karanga zikishasagwa na kukaa kwenye mfuko, mafuta yake huchacha haraka.

Lililo zito zaidi ni sumukuvu. Mahindi na karanga vilivyovunwa au kuhifadhiwa na unyevu huota ukungu wenye sumu hii, na kuchemsha hakuiondoi. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Ukinunua unga uliokwisha sagwa, huwezi kuona punje zilizooza zilizoingia humo. Nunua punje, zichambue kwa mkono, tupa zilizovunjika, zilizokunjamana na zenye rangi ya kijani, nyeusi au kahawia. Usimpe kuku zile mbovu, maana sumu inaweza kurudi kwenu kupitia mayai na maini. Kujua kama mahindi yamekauka, tia konzi moja kwenye chupa kavu ya kioo pamoja na chumvi kavu, kijiko kimoja au viwili, tikisa dakika chache, acha itulie dakika 15. Chumvi ikigandamana kwenye kuta za chupa, mahindi bado mabichi. Yarudi juani, juu ya turubai na siyo juu ya udongo.

Unga wenyewe: vikombe 3 vya nafaka moja, mahindi yasiyokobolewa au ulezi, na kikombe 1 cha jamii ya kunde, yaani soya iliyotayarishwa kama tulivyosema, au maharage yaliyochemshwa na kukaushwa. Ulezi upepete na kuuosha mara kadhaa, una mchanga. Saga wa wiki mbili tatu tu. Karanga zikae nje ya unga. Kaanga kidogo, twanga siku ya kupika.

Kwa mlo mmoja chukua vijiko 4 vya chakula vya unga huo na kikombe kimoja na robo cha maji. Koroga unga kwanza kwa maji baridi kidogo usifanye mabonge, mimina kwenye maji yanayochemka, pika kwa moto mdogo dakika 15 hadi 20 ukikoroga. Uji wa dakika tano ni mbichi ndani hata kama umeshikana. Ukiiva, tia kijiko kimoja cha chai cha mafuta au kijiko kimoja cha chakula cha karanga zilizotwangwa. Siku nyingine pasua yai, lipigepige, limimine likiwa bado jikoni huku unakoroga, lichemke dakika kadhaa. Maziwa yanaweza kuchukua nusu ya maji. Sukari haina kazi hapa, inamzoesha utamu tu.

Sasa chota kijiko kizima, kiinamishe. Uji ukikaa na kudondoka taratibu kwa vipande, ndio wenyewe. Ukitiririka, ongeza unga.

Mtasema ni mzito, hataumeza. Hapo ndipo kimea kinapofaa. Loweka ulezi usiku mzima, mwaga maji yake, utandaze kwenye kitambaa kilicholowa, ufunike, unyunyizie maji asubuhi na jioni. Baada ya siku 2 au 3 vichipukizi vitakuwa vimetokeza. Anika, ukishakauka fikicha uondoe vichipukizi na vimizizi, saga. Tumieni ulezi, chipukizi za mtama zina sumu na zinahitaji uangalifu zaidi. Uji mzito ukishaiva, upoe hadi ufae kunywewa, tia kijiko kimoja cha chai cha unga wa kimea, koroga. Kwa dakika chache tu utaulainikia mwiko bila kuongeza tone la maji, kwa kuwa kimea hukatakata wanga. Urudishe jikoni uchemke tena dakika 5 ili kuua vijidudu. Bakuli lilelile, unga uleule, na mtoto anaumeza.

Uji usiwe chakula pekee. Mtoto wa miezi 8 anaweza kula viazi lishe vilivyopondwa na dagaa, ndizi na nyama iliyosagwa, wali laini uliopondwa na maharage na mchicha uliokatwa mno. Ponda kwa uma, usisage kwenye blenda hadi kiwe supu. Anahitaji kujifunza kutafuna.

Kiasi huenda hivi. Anapoanza, akitimiza miezi 6, vijiko 2 au 3 vya chakula, mara 2 kwa siku. Hadi miezi 8 ongeza taratibu kufikia nusu kikombe cha mililita 250, milo 2 hadi 3. Miezi 9 hadi 11, nusu kikombe kamili, milo 3 hadi 4 na kitafunwa kimoja au viwili kama papai, parachichi au ndizi. Mwaka wa pili, robo tatu ya kikombe hadi kikombe kizima, milo 3 hadi 4 na vitafunwa. Maziwa ya mama yanaendelea muda wote huo hadi miaka 2 na zaidi.

Na kwa kuwa mstari umelala miezi miwili, muuguzi amcheki malaria, upungufu wa damu na maambukizi ya mkojo. Kadi inapolala, lishe huwa sababu mojawapo tu.

Huku kwetu wanasema mtoto akila yai atachelewa kuongea, na nyama itamtia minyoo. Ni kweli?
*Bibi anayelea mjukuu wa miezi saba, Songea*

Shikamoo bibi. Hapana, na mjukuu wako anavihitaji vyote viwili sasa hivi. Mtoto huzaliwa na akiba ya madini ya chuma inayomtosha kama miezi 6, na maziwa ya mama yana chuma kidogo sana. Akiba ikiisha na chakula hakileti, damu inapungua, mtoto anapoa, hachezi, na hata kuongea kunaweza kuchelewa.

Yai lichemke hadi kiini kishikane. Nyama isagwe au ikunwe kwa kisu ikiwa imeiva. Kumpa mchuzi tu ukala nyama wewe hakumsaidii. Maini mara moja kwa wiki, vijiko viwili. Kilicho rahisi zaidi ni dagaa: chambua, osha kwa maji ya moto kuondoa mchanga na chumvi, kausha kwenye kikaango, twanga, chekecha. Kijiko kimoja cha chakula kwenye uji au mboga kila siku. Mfuatishie chungwa au papai, vinasaidia mwili kuchukua chuma. Chai inazuia, kwa hiyo chai hapana, hata ya maziwa. Minyoo inatokana na nyama isiyoiva, uchafu na udongo, na dawa yake hutolewa kliniki kuanzia miezi 12.

Mke wangu amepata mimba na mtoto ana miezi kumi na moja. Mtoto amedhoofu, nywele zimekuwa nyekundu, miguu imejaa. Wazee wanasema tumembemenda, yaani tumemdhuru kwa kukutana kimwili angali ananyonya, aachishwe ziwa na apewe dawa ya mitishamba.
*Baba, Geita*

Ukisoma hapa, mpeleke kituo cha afya leo. Miguu yote miwili kuvimba na nywele kubadilika rangi ni dalili za kwashiakoo, na kwashiakoo inaua. Bonyeza kwa kidole gumba juu ya wayo sekunde 3. Shimo likibaki, ni uvimbe wenyewe. Kituoni watampima pia mzunguko wa mkono kwa utepe: chini ya sentimita 11.5 ni hali mbaya sana, 11.5 hadi 12.5 ni hatari. Akiwa na uvimbe hawasubiri utepe. Wakiona ana hamu ya kula na hana maradhi mengine, atatibiwa nyumbani kwa chakula dawa cha pakiti. La sivyo atalazwa.

Tendo la ndoa halimdhuru mtoto, na maziwa ya mama mjamzito hayageuki sumu. Wazee waliona kitu cha kweli, kwamba mimba ikifuata upesi mtoto aliyepo hudhoofika. Kinachomdhoofisha ni kunyang'anywa ziwa ghafla, bila yai, dagaa wala maziwa ya kuziba pengo, huku mama amechoka. Kumwachisha sasa kutamzidishia. Mke wako aendelee kunyonyesha, ale mlo mmoja wa ziada, ahudhurie kliniki na kumeza vidonge vya chuma. Mhudumu atamwambia kama kuna sababu ya kiafya ya kusitisha. Mganga wa mitishamba asimpe kitu, kwa sababu ini na figo za mtoto mwenye kwashiakoo haziwezi kuhimili. Baada ya uzazi huu zungumzeni na muuguzi kuhusu uzazi wa mpango. Mwili wa mama unahitaji angalau miezi 24 kabla ya kubeba mimba nyingine.

Mtoto wa miezi mitano anaharisha na ana homa. Jirani ameona meno ya plastiki, anajua mtu wa kuyatoa.
*Mama, Tabata*

Usimruhusu. Kile cheupe kilichovimba kwenye fizi ni chonge la mtoto linalojiandaa kutoka. Kulichokonoa kwa waya au kisu kunaleta damu nyingi, usaha na pepopunda, na kunaweza kuharibu hata jino la ukubwani lililo chini yake. Homa na kuharisha vina sababu nyingine, na kwa umri huu homa lazima apimwe malaria.

Mnyonyeshe mara nyingi zaidi. Mpe ORS, dawa ya unga ya kurudisha maji na chumvi mwilini: pakiti moja ya lita kwenye lita moja kamili ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa, si pungufu ya hapo, ukipunguza maji chumvi inamzidi. Kila anapoharisha, mpe mililita 50 hadi 100, kidogo kidogo kwa kijiko. Akitapika ngoja dakika 10, uendelee polepole zaidi. Iliyobaki baada ya saa 24 imwagwe. Zinki miligramu 10 kila siku kwa siku 10 hadi 14, hata akiacha kuharisha siku ya tatu; akifikisha miezi 6 kipimo ni miligramu 20. Wengi huacha mapema, na kuharisha kunarudi. Macho yakizama, akishindwa kunyonya, akiwa mlegevu au choo kikiwa na damu, nenda hospitali.

Mwanangu wa mwaka na nusu hali mpaka awashiwe katuni kwenye simu. Akizimiwa anafunga mdomo.
*Mama, Nakuru*

Anayetazama katuni hahisi njaa wala shibe, anameza tu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa chini ya miaka 2 asitazame skrini kabisa. Zima leo, na ujiandae kwa siku chache ngumu. Mpe bakuli lake mwenyewe, kijiko chake, akae na wenzake wanapokula. Mwache ashike kwa mkono, atamwaga, tandika gazeti. Mtazame, zungumza naye, taja unachompa. Akigeuza uso, pumzika, jaribu tena baada ya dakika chache. Mlo ukifika nusu saa, ondoa bila ugomvi. Usimbane pua, usimlaze na kummiminia. Chakula kipya anaweza kukikataa mara nyingi kabla hajakipenda, kwa hiyo kiletwe tena keshokutwa. Angalia pia kama hanywi maziwa au juisi saa moja kabla ya mlo, ndiyo sababu ya kawaida ya mdomo kufungwa.

Katuni ibadilishwe na vitu vya nyumbani: kopo lenye maharage lililofungwa vizuri, vifuniko vya sufuria, vikombe vya kupangana. Mwimbie, mjibu anapobwabwaja kama vile anasema neno zima.

Tunaishi Sweden. Nesi ametupa matone ya vitamini D kwa mtoto anayenyonya. Si ulisema maziwa ya mama yanatosha?
*Wazazi, Malmö*

Hadi miezi 6 yanatosha kwa kila kitu isipokuwa hiki mahali mlipo. Vitamini D huitengeneza ngozi ikipigwa na jua, na maziwa ya mama yana kidogo sana. Majira ya baridi huko jua halitoshi, na ngozi nyeusi inahitaji jua zaidi. Mpeni mikrogramu 10 kila siku kama mlivyoelekezwa. Akikosa, mifupa hupinda.

Chanjo ya surua alichoma akiwa na miezi tisa. Kuna haja gani ya kuendelea na kliniki?
*Mama, Bagamoyo*

Chanjo ya surua na rubela ina dozi ya pili akiwa na miezi 18, na hiyo ndiyo wazazi wengi wanaisahau. Matone ya vitamini A hutolewa kila baada ya miezi 6, kuanzia miezi 6 hadi afikishe miaka 5. Dawa ya minyoo huanza miezi 12, nusu kidonge cha albendazole cha miligramu 400 hadi atimize miaka 2, kisha kizima. Na mizani ya kila mwezi ndiyo itakayokuonyesha tatizo wakati bado dogo; mtoto mwenye afya anatakiwa awe na kama mara tatu ya uzito wa kuzaliwa anapotimiza mwaka. Mwombe muuguzi apime na urefu pia, kwa sababu aliyedumaa anaweza kuonekana mnene.

Ukiwa hapo, kama hana cheti cha kuzaliwa, uliza. Kwa Tanzania Bara, RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, imepeleka usajili wa watoto walio chini ya miaka 5 kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, na cheti hicho hakilipiwi. Nenda na kadi ya kliniki au tangazo la kizazi, na hakikisha tahajia ya majina inalingana na vitambulisho vyenu kabla hakijaandikwa.